Je, Wajua? Siku Moja Lodwar: Kanisa Kuu, Sahani ya Mchana na Barabara ya Lokiriama

Wakenya wengi huisikia Turkana kwa habari tatu tu: ukame, mafuta na wizi wa mifugo. Safu hii inakuomba uitengee siku moja ya habari nyingine. Asubuhi uingie Kanisa Kuu la Mtakatifu Augustino mjini Lodwar, mchana ule hapo karibu, kisha ujue kinachokungoja kwenye barabara mbili zitokazo mjini: ya Lokiriama kuelekea Uganda, na ya Kakuma kuelekea Sudan Kusini. Katika vituo vyote vinne utakuta jambo moja. Huku, sala na sahani zimekwenda pamoja tangu zamani: anayeabudu hulisha, na anayetafuta amani huketi kula na aliyekuwa adui yake.

ASUBUHI: KANISANI

Je, wajua kwamba msimamizi wa Kanisa Kuu la Lodwar ni Mwafrika? Augustino alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, mji unaoitwa leo Souk Ahras, nchini Algeria. Alibatizwa Milan mwaka 387, akarudi Afrika, akawa askofu wa Hippo, ambayo leo ni Annaba, pia Algeria. Sikukuu yake ni 28 Agosti, siku aliyofariki mwaka 430. Sikukuu ya mama yake, Monika, hutangulia kwa siku moja tu.

Je, wajua kwamba Augustino alifia katika mji uliojaa wakimbizi? Wavandali walikuwa wameuzingira mji wa Hippo, na watu wa miji jirani walikuwa wamekimbilia ndani ya kuta zake. Mmoja wao alikuwa Possidius, askofu wa Calama, ambaye baadaye aliandika maisha ya rafiki yake. Kwa jimbo ambalo ndani yake imo kambi ya wakimbizi ya Kakuma, ni vigumu kumpata msimamizi anayelifaa zaidi.

Je, wajua kwamba Augustino aliagiza vyombo vya altare viyeyushwe? Possidius anaeleza kwamba fedha iliyopatikana ilitumika kuwakomboa mateka na kuwasaidia maskini. Baadhi ya watu walinung'unika. Askofu hakubadili nia.

Je, wajua kwamba kanisa haliitwi kanisa kuu kwa sababu ya ukubwa wake? Kinachohesabika ni kiti cha askofu kuwekwa humo. Ukiingia, kitafute karibu na altare. Askofu huketi hapo anapoongoza ibada, na wakati hakuna askofu kiti hubaki kitupu. Lodwar inajua hali hiyo vizuri: Askofu Dominic Kimengich alihamishiwa Eldoret mwaka 2019, na mrithi wake, John Mbinda, akapatikana mwaka 2022.

Je, wajua kwamba jimbo hili ni changa kuliko wazee wengi wanaosali humo? Lodwar ilimegwa kutoka jimbo la Eldoret mwaka 1968, ikawa prefektura ya kitume, kisha ikapandishwa hadhi kuwa jimbo kamili mwaka 1978. Askofu wa kwanza, John Mahon kutoka Ireland, aliliongoza hadi mwaka 2000. Alifuatwa na Patrick Harrington, halafu Kimengich, na sasa Mbinda.

Je, wajua kwamba kati ya Bagamoyo na Lodwar kuna miaka 100 kamili? Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifungua misheni yao Bagamoyo, pwani ya Tanzania, mwaka 1868. Prefektura ya Lodwar ilianzishwa mwaka 1968. Askofu Mbinda ni wa shirika lile lile la Bagamoyo.

Je, wajua kwa nini injili ilichelewa hivyo kufika huku? Sababu kubwa ilikuwa sheria. Serikali ya kikoloni iliifunga wilaya ya Turkana: mgeni hakuingia bila kibali, na wamisionari hawakuruhusiwa kujijengea vituo walivyotaka. Mlango ulifunguka mwaka 1961, na kilichoufungua ni njaa. Mvua zilikuwa zimekosa, mifugo imekufa, na serikali ikafungua kambi za chakula, mojawapo ikiwa kule Ferguson's Gulf kando ya ziwa. Wamisionari waliingia Turkana wakati ambapo kazi ya kwanza ilikuwa kugawa chakula. Wazee wanaoikumbuka Misa ya kwanza wanaukumbuka pia uji.

Je, wajua kwamba wamisionari hao wa kwanza wa Kikatoliki walikuwa Wairlandi? Walitoka katika Shirika la Mtakatifu Patrisi, lililoanzishwa Kiltegan, kaunti ya Wicklow, tarehe 17 Machi 1932. Patrisi mwenyewe alitekwa akiwa kijana, akapelekwa Ireland kuwa mtumwa na kuchunga mifugo, akatoroka, kisha akarudi kuwahubiria waliomteka. Mchungaji wa mbuzi wa Turkana anaielewa habari hiyo bila kufafanuliwa.

Je, wajua kwamba mwaka huo huo wa 1961 Lodwar ilimpoteza mkazi wake mashuhuri kuliko wote? Jomo Kenyatta, aliyehukumiwa Kapenguria mwaka 1953, alifungwa Lokitaung, kaskazini mwa Turkana, hadi Aprili 1959. Halafu akawekwa kizuizini Lodwar hadi Aprili 1961, alipohamishiwa Maralal. Mwezi Machi mwaka huo, viongozi wa KANU na KADU walisafiri pamoja hadi Lodwar kumwona. Nyumba aliyoishi bado ipo mjini.

Je, wajua kwamba padri mmoja wa shirika la Kiltegan alitunga kamusi za Kiturkana? Anthony Barrett aliandika kamusi ya Kiingereza kwa Kiturkana na ya Kiturkana kwa Kiingereza, pamoja na vitabu juu ya ibada na alama za Waturkana. Watafiti wengi waliokuja baada yake wameanzia kwenye kazi hiyo.

Je, wajua kwamba Waturkana walikuwa wakimwomba Mungu mmoja kabla padri yeyote hajafika? Humwita Akuj, mtoa mvua na uhai. Neno hilo hilo ndilo linalotumika leo katika Misa ya Kiturkana. Waliohubiriwa walikuwa na jina la Mungu tayari, na Kanisa lililipokea.

Je, wajua kwamba mzee wa Kiturkana hutembea na kiti chake? Kinaitwa ekicholong: kipande cha mti mmoja kilichochongwa, chepesi, chenye mkanda wa ngozi wa kukishikia. Mchana ni kigoda, usiku ni mto wa kulalia, nao huilinda mitindo ya nywele iliyopakwa udongo isiharibike. Ukimwona mzee amekishika mkononi njiani, usidhani anakwenda kukiuza. Kitazame kwa karibu akikuruhusu: sehemu ya kukalia hung'aa kwa miaka ya kutumika, na kila mzee huichonga miguu ya kigoda chake apendavyo.

Je, wajua kwamba Lodwar ina sanamu ya Kristo mlimani, mikono ikiwa imenyooshwa kama ile ya Rio de Janeiro? Ile ya Brazil ilikamilika mwaka 1931 na ina urefu wa mita 30 bila kuhesabu kitako chake. Ya Lodwar ni ndogo, lakini aliyeifikia huuona mji wote, mikoma ya kando ya mto, na tambarare isiyo na mwisho. Panda mapema, kabla ya saa tatu asubuhi. Lodwar iko mita 500 hivi tu juu ya usawa wa bahari, na jua lake halina subira.

Je, wajua kwamba Turkana na Rio zimeunganishwa na jambo jingine pia? Katika Olimpiki ya mwaka 2016 mjini Rio, timu ya kwanza ya wakimbizi katika historia ilikuwa na wanamichezo 10. Watano kati yao walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini waliolelewa katika kambi ya Kakuma. Bendera ilibebwa na mmoja wao, Rose Nathike Lokonyen.

MCHANA: MEZANI

Je, wajua kwamba Mtakatifu Augustino alikuwa na sheria ya mezani? Possidius anasema vijiko vyake vilikuwa vya fedha, lakini vyombo vingine vilikuwa vya udongo, mti au mawe. Chakula cha kila siku kilikuwa mboga, na nyama iliandaliwa kwa ajili ya wageni na wagonjwa. Juu ya meza aliandikisha onyo: anayependa kumsengenya asiyekuwepo, ajue kwamba meza hii si yake. Maaskofu wenzake walipoisahau sheria hiyo aliwaonya kwa ukali, akitishia kuifuta au kuondoka mezani.

Je, wajua kwamba mbuzi ndiye mfalme wa mchana wa Lodwar? Katika hoteli za mjini utaulizwa swali moja: choma au chemsha. Ya kuchemsha huja na supu yake kwenye bakuli, chumvi pembeni, ugali na sukuma wiki. Ya kuchoma hukatwa mbele yako kwenye ubao, ikiwa na mafuta kidogo yanayochuruzika, kwa sababu mbuzi huyu amekula majani na maganda ya migunga, si malisho ya kununuliwa. Kabla ya kula utaletewa maji ya kunawa. Usiharakishe. Nyama ya mbuzi aliyezunguka jangwani hudai meno na muda.

Je, wajua kwamba makaa yanayoichoma nyama hiyo mara nyingi ni ya mti mgeni? Mathenge uliletwa Kenya kutoka Amerika ili kuzuia jangwa, ukapandwa sana miaka ya 1970 na 1980. Ulikubali kupita kiasi. Uliziba njia za mito na malisho, na maganda yake matamu yakaharibu meno ya mbuzi. Kuukata kwa ajili ya makaa ni njia mojawapo ya kuupunguza huku watu wakipata riziki.

Je, wajua kwamba samaki wa Lodwar hatoki mbali? Ziwa Turkana, ziwa kubwa kuliko yote duniani lililo jangwani, liko mwendo wa saa moja au mbili kwa gari kupitia Kalokol au Eliye Springs. Ngege na mbuta hufika mjini wakiwa wabichi, wamekaushwa au wamekaangwa. Katika Kwaresima, hasa Ijumaa, ambapo Wakatoliki huacha nyama, samaki huyu ndiye anayeokoa meza.

Je, wajua kwamba samaki mkavu wa Ziwa Turkana husafiri kuliko wavuvi wake? Hupakiwa kwenye malori, huvuka Kenya na Uganda, na sehemu yake huliwa Kongo.

Je, wajua kwamba takriban asilimia 90 ya maji ya ziwa hilo hutoka Ethiopia kwa mto Omo? Mwaka 1888 kabaila Sámuel Teleki wa Hungaria na mwenzake Ludwig von Höhnel walilipa jina la mwana wa mfalme wa Austria, Rudolf. Kenya ililipa jina la wenyeji, Waturkana, mwaka 1975. Hifadhi zake ziliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1997, na tangu 2018 zimo katika orodha ya urithi ulio hatarini, sababu mojawapo ikiwa mabwawa ya mto Omo.

Je, wajua kwamba Waturkana walitengeneza maziwa ya unga kabla ya viwanda kufika? Huyaita edodo. Wakati wa masika, maziwa yanapokuwa mengi kuliko wanywaji, humwagwa kwa utandu mwembamba juu ya ngozi safi, yakaachwa juani hadi yakauke na kupasuka. Kisha hukusanywa, hupondwa, na kufungwa vizuri. Kiangazi kikija, unga huo huchanganywa na maji, damu au matunda ya porini, na mtoto analala akiwa ameshiba.

Je, wajua kwamba nyama pia huwekewa akiba? Hukatwa nyuzi ndefu, huanikwa, kisha huhifadhiwa kwa mafuta. Hiyo ndiyo enyas. Mama mwenye chombo cha enyas nyumbani haogopi mgeni wa ghafla.

Je, wajua kwamba mkoma hulisha, hujenga na huuza? Tunda lake huwa gumu kama mti kwa nje, na watoto hulitafuna kwa saa nzima ili kupata utamu wa ganda. Majani hufumwa kuwa vikapu ambavyo wanawake wa Lodwar na vijiji vya kando ya mto Turkwel huviuza. Kikapu huanzia katikati ya kitako: ukindu mmoja huzungushwa na kushonwa juu ya mwingine, duara baada ya duara. Ukikishika, bonyeza ukingo. Kilichofumwa vizuri hakilegei.

Je, wajua kwamba si Waturkana wote wanaotegemea mifugo peke yake? Kando ya Turkwel mtama umelimwa na wanawake kwa vizazi vingi, mara tu mafuriko yanapopungua. Mto huo huanzia mlima Elgon ukiitwa Suam, hupita kwenye bwawa la Turkwel lenye ukuta wa mita 153, lililokamilika mwaka 1991, hupita Lodwar, ndipo humwaga maji yake ziwani. Lodwar hupata mvua ya milimita 200 hivi tu kwa mwaka, kwa hiyo mboga iliyo kwenye sahani yako ina deni kwa mto huu.

Je, wajua kwamba Waturkana walikuwa na mahali pa sala na chakula kwa pamoja kabla ya makanisa? Mahali hapo huitwa akiriket. Fahali huchinjwa na kuchomwa mzimamzima, na wanaume huketi nusu duara chini ya mti kwa mpangilio wa rika na kizazi. Kila kipande cha nyama kina mwenyewe. Mzee husimama na mkuki au fimbo, hutamka maombi ya mvua, afya na amani, na wote humwitikia kwa sauti moja. Hapo hapo ndipo kesi huamuliwa na mashauri ya kuhama hufanywa. Padri anayeongoza Misa chini ya mti vijijini anasimama mbele ya watu waliozoea kwamba kuomba, kula na kushauriana ni kazi ya kikao kimoja.

Je, wajua kwamba baba na mwana wa Kiturkana hawaketi upande mmoja? Wanaume wamegawanyika pande mbili, Ng'imoru na Ng'irisae, yaani wa mawe na wa chui. Kama baba ni wa mawe, mwanawe ni wa chui, na mjukuu hurudi kwa babu yake.

BARABARA YA LOKIRIAMA

Je, wajua Lokiriama iko wapi? Toka Lodwar uelekee magharibi, upite Lorugum, makao ya kaunti ndogo ya Loima, uendelee ukiwa na milima ya Loima karibu nawe hadi karibu na mpaka wa Uganda. Ng'ambo ya mpaka ni mlima Moroto na nchi ya Karamoja. Hii si safari ya mchana mmoja kwa mtu aliyeanza na Misa. Ipe siku yake, gari imara, maji mengi, na dereva anayeijua njia.

Je, wajua kwamba Lorugum ilikuwa kituo cha masista waganga? Shirika la Wamisionari Waganga wa Maria, lenye asili ya Ireland, lilileta masista wake huko miaka ya 1960. Waliwatibu watu waliotembea siku nyingi kufika, na walikwenda kuwafuata wasioweza kutembea.

Je, wajua kilichotokea Lokiriama mwaka 1973? Waturkana wa Kenya na Wamatheniko wa Uganda walikuwa wamechoka kuzikana. Wazee wa pande zote mbili walikutana, na tarehe 19 Desemba wakafanya mapatano. Walichimba shimo, wakazika silaha. Kila mmoja aliyehudhuria alijua maana yake: atakayefukua kilichozikwa amejiletea laana. Leo pana mnara wa kumbukumbu.

Je, wajua kwamba mapatano hayo yalipitia mtihani mkali baada ya miaka michache tu? Serikali ya Idi Amin ilipoanguka mwaka 1979, ghala la silaha la kambi ya jeshi ya Moroto lilivunjwa, na Wamatheniko walibeba bunduki kwa wingi. Eneo zima likageuka uwanja wa risasi. Hata hivyo, kati ya Waturkana na Wamatheniko neno la Lokiriama halikufutika, na wachungaji wa Loima wameendelea kuvuka na mifugo yao kutafuta malisho Karamoja wakati wa kiangazi. Yapo mapatano mengi yaliyotiwa saini hotelini na kusahauliwa kabla wino haujakauka. Haya ya Lokiriama hayakuhitaji wino.

Je, wajua kwamba Lokiriama huadhimishwa kila mwaka? Kwa kawaida ni mwezi wa Septemba. Watu wa pande mbili za mpaka, wazee, wanawake, vijana na viongozi wa serikali, hukutana, huomba, hucheza, na fahali huchinjwa. Mwaka 2023 mapatano yalitimiza miaka 50.

Je, wajua kwamba serikali zilifuata nyayo za wazee? Tarehe 12 Septemba 2019, marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walishuhudia mjini Moroto makubaliano ya amani na maendeleo yanayohusu Turkana, Pokot Magharibi na Karamoja. Wazee walikuwa wametangulia kwa miaka 46.

Je, wajua kwamba ng'ambo hiyo pia kuna jimbo la Kikatoliki? Jimbo la Moroto lilianzishwa mwaka 1965. Majimbo hayo mawili yanachunga watu ambao mifugo yao hunywa maji ya pande zote mbili, na kwa miaka mingi makanisa yamekuwa kati ya wanaowaketisha maadui pamoja.

Je, wajua kwamba Waturkana na Wajie wa Uganda wanahesabiana kuwa ndugu kwa sababu ya mwanamke? Simulizi husema Nayeche alitoka Karamoja akitafuta matunda, akafika bonde la Tarach lililokuwa na neema. Vijana waliokuwa wakifuata nyayo za fahali aliyepotea wakamkuta huko, akawapa chakula na mapumziko. Waliporudi na habari za nchi ile nzuri, wengine wakawafuata, na wakawa Waturkana. Kilima cha Moruanayeche kimebeba jina lake, na watu huenda huko kumkumbuka. Taifa zima linaanza na mama aliyewalisha wageni.

BARABARA YA KAKUMA

Je, wajua kwamba Kakuma iko kilomita 120 hivi kutoka Lodwar, na siku hizi njia ni lami? Kambi ya wakimbizi ilianzishwa mwaka 1992, vilipofika vikundi vya wavulana wa Sudan waliotembea kutoka Ethiopia, wengi wao bila wazazi. Makazi ya Kalobeyei yaliongezwa jirani katikati ya miaka ya 2010. Leo kambi na makazi hayo yana watu zaidi ya 200,000. Ukitaka kuingia, omba kibali mapema kwa Idara ya Huduma kwa Wakimbizi.

Je, wajua kwamba ndani ya kambi mna parokia? Ni Parokia ya Msalaba Mtakatifu, inayohudumiwa na Wasalesiani wa Don Bosco, ambao wamekuwa Kakuma tangu mwaka 1993. Wao pia huendesha mafunzo ya ufundi: uashi, useremala, umeme, ushonaji, kuchomelea vyuma. Mengi ya makanisa madogo ya kambini ni ya matofali ya udongo na mabati, na yamejengwa na waumini wenyewe.

Je, wajua kwamba Wadinka huja kanisani na msalaba mkononi? Ni wa mti, mara nyingine umepambwa, na huinuliwa juu kwa pamoja wanapoimba. Katika miaka ya vita, Wadinka walitunga nyimbo nyingi za kanisa kwa lugha yao, na zikasafiri nao hadi ukimbizini.

Je, wajua kwamba Kakuma ndiko pa kula chakula cha Kiethiopia? Ukienda Jumatano au Ijumaa, agiza sahani ya mfungo. Wakristo Waorthodoksi wa Ethiopia huacha nyama, maziwa na mayai siku hizo na katika mifungo mingine mirefu, jumla zaidi ya siku 180 kwa mwaka, ndiyo maana mapishi yao ya mboga yamekuwa hodari. Sinia huletwa likiwa limetandikwa injera laini yenye uchachu, na juu yake mafungu mafungu: kamande nyekundu zenye pilipili, kabeji na karoti, mboga za majani, na shiro, mchuzi mzito wa unga wa dengu. Hakuna sahani yako na yangu. Wote mnamega kwa mkono wa kulia kutoka sinia moja.

Je, wajua kwamba soko la Kakuma si soko la kuhurumiwa? Utafiti wa Shirika la Kimataifa la Fedha (IFC) uliotolewa mwaka 2018 ulihesabu biashara zaidi ya 2,000 na uchumi wa dola milioni 56 hivi kwa mwaka. Mturkana huuza mbuzi, kuni na makaa, Msomali huuza nguo na vyakula vya jumla, Mkongo hushona na kunyoa, Mwethiopia hupika. Kiswahili ndicho kinachowapatanisha kwenye bei.

Je, wajua kwamba Kenya imeamua kuondokana na fikra ya kambi? Mpango uitwao Shirika, uliozinduliwa Machi 2025, unalenga wakimbizi na wenyeji watumie shule, hospitali na masoko yale yale. Kazi ni kubwa, na wenyeji wana haki ya kuuliza maji na ardhi vitagawanywaje. Lakini jirani aliyekula nawe kwa miaka 30 si mgeni tena.

KABLA HUJAONDOKA

Je, wajua kwamba watu walikusanyika kwa ibada hapa kabla ya piramidi za Giza kusimama? Upande wa magharibi wa Ziwa Turkana, huko Lothagam, wafugaji wa kwanza wa eneo hili walijenga makaburi makubwa ya nguzo za mawe yapata miaka 5,000 iliyopita. Watafiti walieleza mwaka 2018 kwamba humo walizikwa watu wasiopungua 580, wanaume, wanawake, wazee na watoto, na karibu kila mmoja alikuwa na mapambo yake. Hawakuona dalili za watawala waliotukuzwa kuliko wengine.

Je, wajua adabu za siku hii? Kanisani, vaa nguo za heshima na uzime simu. Usimpige mtu picha kabla hajakubali, na kama ni mzee, msalimie kwanza: "Ejok?" Akikuhudumia, mwambie "Alakara." Unaponunua kikapu, kumbuka siku ngapi zimeingia ndani yake kabla ya kuomba upunguziwe.

Je, wajua ushauri wa mwisho ni upi? Usile peke yako. Ibada ikiisha, mwulize uliyeketi naye hoteli gani ina mbuzi mzuri leo, umkaribishe mwende pamoja. Agiza sahani kubwa kuliko njaa yako. Yote uliyosoma hapa, kuanzia uji wa 1961 hadi fahali wa Lokiriama na sinia la Kakuma, yamehifadhiwa na watu wa Turkana, na huyasimulia vizuri zaidi wakiwa mezani.